Kigoda cha Kinyozi

Ngozi ina haraka kuliko moyo. Jeraha likishafunga, wapita njia husema, "Amepona huyo," kisha kila mmoja hushika njia yake. Aliyeumizwa hubaki na kovu lake. Hulivalisha shati, hulitafutia kazi, hulizoesha kucheka na watu. Aliyeumiza naye akiliona limekauka hujipa moyo kwamba mambo yamekwisha. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Hadithi hii ni ya kovu moja lililokaa hadharani miaka na miaka, likakaliwa na watu wa kila aina, wanene kwa wembamba, na hakuna hata mmoja aliyelijua.

Lilikuwa kovu la kinyozi mmoja. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati la kijani, kioo kilichopasuka pembeni, na kigoda cha miguu mitatu. Vinyozi wengine wote wa mtaa ule walikuwa na viti virefu vya kuzunguka. Yeye alikuwa na kigoda hicho tu. Mteja alikaa chini kabisa, magoti yakamkaribia masikio, naye kinyozi akasimama juu yake kama mtu anayechungulia kisimani. Kwa sababu hiyo watu walimwita Kigoda, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika kama mwavuli wakati wa jua.

"Kigoda, hivi hapa tumekuja kunyolewa au kumenya viazi?" wateja walimtania.

"Kaa chini, bwana. Kichwa kama hicho hakihitaji kupandishwa, kinaonekana tangu stendi," alijibu, na duka zima likaangua kicheko.

Binti yake wa pekee alijifunza kazi palepale. Alipofika umri wa kujitegemea alikwenda kuomba kazi katika saluni mpya ya mjini, yenye viti vya kupanda na kushuka kwa kukanyaga pedeli. Alipoambiwa aonyeshe ufundi wake, aliuliza, "Kigoda kiko wapi?" Vijana wa saluni walicheka mpaka wakafutana machozi. Binti hakuelewa kosa lake. Kwao ndivyo watu walivyonyolewa. Aliporudi na kumsimulia baba yake, Kigoda naye alicheka sana, kisha akageuka akaosha mashine yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kuoshwa.

Nyumbani kwao pia mambo mengi yalikuwa chini. Rafu ya vyombo ilikuwa usawa wa kiuno. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa chini kiasi kwamba mbuzi wa jirani walilamba mashati. "Nyumba hii ilijengewa mbilikimo," alisema Shangazi, dada mkubwa wa Kigoda, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa asali. Kigoda alitabasamu tu. Wala hakuna aliyewahi kumwona amevaa fulana. Yeye na mashati ya vifungo walikuwa kama chanda na pete.

Zamani, kabla binti hajazaliwa, Kigoda alikuwa mchukuzi wa masanduku katika kiwanda cha sabuni. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikuwa mtu wa mitambo hapohapo. Wafanyakazi waligoma kudai haki zao. Askari wakaja na malori, wakawazoa ndugu hao wawili pamoja na wenzao, wakawapeleka katika gereza kuu la serikali. Kigoda alirudi amekonda kama uzi. Kitindamimba hakurudi. Serikali ilisema ametoroka.

Neno hilo lilimuua mama yao polepole. Kila jioni aliacha mlango bila komeo, labda mtoro wake angeingia. Majirani wakawaita ukoo wa watoro, wengine kwa utani, wengine kwa ubaya. Siku mama alipokuwa anaaga dunia alimshika Kigoda mkono, akamwambia, "Mwanangu, mdogo wako hakuwa mtu wa kuniacha bila kuniaga. Nirudishie." Kigoda akajibu, "Nitamrudisha, Mama, hata akiwa mifupa."

Miaka ikaenda, serikali zikabadilika. Wafungwa wa zamani kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, Kigoda akiwa mmoja wao, wakatafutana na kumpata wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya baragumu. Waliishtaki serikali. Walisema kwamba nyuma ya gereza kulikuwa na chumba ambamo waling'inizwa kwa mikono iliyofungwa mgongoni, hadi mabega yakatoka mahali pake. Wakataka serikali ikiri, iwatibu na kuwafidia, na ionyeshe walipolala wale ambao hawakutoka wazima. Serikali ikajibu kwa mdomo wenye pembe mbili. Kwanza, chumba hicho hakikuwapo. Pili, hata kama kuna askari aliyezidisha mkono, hayo ni ya kale, na watu wenyewe wamekwisha kupona.

Hatimaye ikafika siku ya mwisho ya kusikilizwa. Asubuhi hiyo Shangazi alifika na koti alilolipiga pasi mpaka likang'aa.

"Shikamoo, dada," alisema Kigoda.

"Marahaba. Vaa hili. Huendi mbele ya jaji na shati kama unakwenda kununua mafuta ya taa."

Kigoda alilitazama koti lile kama mtu anayetazama mlima. Akalishusha hadi magotini, akainama, akaingiza mkono mmoja, akajizungusha, akaingiza wa pili.

"Jamani!" Shangazi alicheka. "Unavaa koti kama unaingia pangoni!"

Binti alicheka pia. Baadaye alijutia kicheko hicho, lakini wakati ule moyo wake ulikuwa unaruka kama mpira. Mtaa mzima ulikuwa umeamka. Fundi viatu wa jirani alifunga kibanda chake nusu, akaahidi kulinda duka. Walipofika kwenye lango la mahakama walikuta umati umefurika hadi barabarani. Wastaafu wa kiwanda cha sabuni walikuwa wakiimba nyimbo zao za mgomo, sauti zimezeeka lakini maneno bado makali. Watu wasiomjua Kigoda walimpa mikono. Mama mmoja alimwambia, "Baba, leo leo! Asemaye kesho ni mwongo!"

Ndani, benchi zilijaa, na waliokosa nafasi walijibanza madirishani. Serikali ilimwita shahidi wake mkuu, mzee aliyekuwa msimamizi wa askari wa gereza lile. Wafungwa walimwita Filimbi, kwa sababu kila alfajiri aliwahesabu kwa kupuliza filimbi. Aliingia na fimbo ya kutembelea, kifua mbele, nishani imening'inia kotini.

"Gereza langu lilikuwa safi kama hospitali," alisema.

"Na chumba cha nyuma?" aliuliza wakili wa wafungwa.

"Hakikuwapo chumba cha nyuma. Nyuma kulikuwa na stoo ya majembe."

"Na yule kijana wa mitambo, mdogo wake kinyozi?"

"Alitoroka. Aliruka ukuta kama paka."

Shangazi alishika mkono wa binti kwa nguvu hadi pete ikamchoma. Filimbi akashuka, akaketi benchi la mbele, akaegemea fimbo yake na kuanza kusinzia kama mtu aliyemaliza shamba lake.

Ndipo wakili wa serikali aliposimama. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. Hadi siku ile ushahidi wa wafungwa ulikuwa umewasilishwa kwa maandishi tu, na serikali ilipewa ruhusa ya kuchagua mmoja wao imhoji ana kwa ana. Kati ya wote kumi na mmoja, ilimchagua kinyozi.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "watu hawa wanadai mabega yao yaliharibika. Lakini miongoni mwao yumo kinyozi! Kinyozi hushinda kutwa nzima ameinua mikono. Mtu huyu amenyoa mji huu tangu nikiwa sijaanza shule. Mabega gani hayo yaliyokufa yanayonyoa mji mzima? Mmoja akiwa mwongo, wote ni waongo. Na kama aliumia kweli, basi amepona, na kesi hii imekufa."

Benchi za serikali zilicheka. Wafungwa wa zamani walitazamana. Hoja ile ilikuwa na meno. Hata wakili wao alikunja uso, kwa maana Kigoda hakuwahi kumweleza anavyofanya kazi yake. Kila alipoulizwa habari za mwili wake alikuwa akijibu, "Mimi si kitu, mama. Mimi nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

Jaji, mzee mpole wa miwani mizito, alitangaza mapumziko mafupi, kisha kinyozi apande kizimbani.

Binti alibaki ameketi kama aliyepigwa na radi. Mikono iliyoinuliwa! Alijaribu kumkumbuka baba yake ameinua mkono, walau kuchuma embe au kufukuza popo darini. Hakuweza. Akaiona kamba ya nguo, rafu ya kiunoni, mashati ya vifungo, koti la pangoni. Akawaona wateja wote wale, magoti masikioni.

"Shangazi!" alinong'ona kwa nguvu. "Kigoda!"

"Yuko na wakili wake pale, humwoni?"

"Si Baba. Kigoda chenyewe! Cha kukalia!"

Hakusubiri jibu. Alitoka akakimbia. Viatu vilimchelewesha, akavivua, akavishika mkononi. Alipita kwenye umati, akakata soko la mitumba, akaruka mtaro, mashuka ya watu yakampiga usoni. Alipofika alikuta mlango wa bati umefungwa, na nje fundi viatu ameketi juu ya kigoda kilekile, anashona soli.

"Fundi, nyanyuka!"

"Kuna nini, mwanangu? Nyumba inaungua?"

"Mahakama inaungua!"

Alikivuta, fundi viatu akabaki ameketi juu ya hewa, kisha juu ya vumbi. Akiwa hapo chini, bado na sindano yake mkononi, alipiga kelele, "Kimbia, binti! Kimbia! Wachome!"

Langoni askari alimzuia. "Fanicha haziingii mahakamani."

"Hii si fanicha. Ni ushahidi."

"Ushahidi wenye miguu mitatu?"

"Uongo ndio hauna miguu, afande. Huu wa kwangu umekuja mwenyewe. Nipishe."

Askari alimtazama, jasho, miguu mitupu na kigoda kifuani, akashindwa kuzuia tabasamu. Akasogea.

Ndani, Kigoda alikuwa tayari kizimbani. Mbele yake alisimama karani wa mahakama, mwanamume mrefu mwenye nywele kama kichaka, aliyezoea kuapisha watu kama fundi anayepigilia misumari.

"Inua mkono wa kulia."

Kigoda aliinua. Mkono ukafika kifuani, ukasimama.

"Juu."

"Ndiyo juu yenyewe, mwanangu."

"Mzee, usifanye mzaha na mahakama. Juu, kiganja kilingane na sikio."

Kigoda alijaribu. Mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamtiririka. Mkono haukupanda hata upana wa kidole. Aibu aliyoificha kwa kigoda miaka yote ile ilikuwa imesimama uchi mbele ya umati. Binti, mlangoni, alitaka kulia.

"Maigizo," wakili wa serikali alisema, kwa sauti ya kusikika.

Karani akamsogelea Kigoda, akamshika kiwiko ili amsaidie kuinua.

Hapo benchi la mbele Filimbi aliinua kichwa kutoka usingizini. Aliona picha ile ile aliyoiona kila alfajiri ya maisha yake ya kazi: mtu amesimama, mkono umekwama kifuani, na mwingine anamlazimisha. Sauti yake ya kale ikatoka yenyewe, kavu, ya amri.

"Mwache huyo! Wa chumba cha nyuma hawainui mikono. Ataitika tu."

Vichwa vyote vikageukia benchi la mbele.

Ndivyo hesabu ilivyokuwa katika gereza lile. Filimbi ikilia, kila mfungwa aliinua mkono na kuitika, "Nipo!" Lakini waliopitia chumba cha nyuma hawakuweza, na askari, kwa kutotaka hesabu ichelewe, waliwaruhusu waitike tu bila kuinua. Amri hiyo ilikuwa imemwingia mzee Filimbi kama rangi kwenye nguo. Kiapo cha asubuhi hakikuweza kuitoa.

Jaji alivua miwani yake. "Shahidi, umesema chumba gani?"

Filimbi aliamka kabisa. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeota akiwa barabarani. "Stoo, Mheshimiwa. Stoo ya majembe."

"Mheshimiwa," alisema wakili wa wafungwa, na lile baragumu lake likafika hadi barabarani, "naomba kujua kama majembe ya serikali yalikuwa yakiinua mikono wakati wa hesabu!"

Kicheko kililipuka. Jaji aligonga meza, lakini hakuonekana kukasirika. Akawageukia wale wafungwa wengine. "Wadai wote, simameni. Kila mmoja ainue mkono wa kulia kadiri awezavyo."

Walisimama. Mikono ikapanda, na yote, mmoja baada ya mwingine, ikakoma kifuani. Mama mmoja alijaribu kuusukuma wa kulia kwa wa kushoto. Walionekana kama mimea iliyofyekwa kwa panga moja, siku moja, na mtu mmoja. Madirishani watu waliacha kucheka.

"Uzee!" wakili wa serikali aliruka. Mafuta yote yalikuwa yamekauka sautini. "Baridi yabisi, Mheshimiwa! Na bado kinyozi ananyoa! Hakuna aliyejibu hilo!"

"Nina jibu!" sauti ilitoka mlangoni.

Wote wakageuka. Wakamwona msichana pekupeku, amebeba kigoda.

Wakili wa wafungwa alielewa kabla hajaelezwa. Aliomba kinyozi aruhusiwe kuonyesha kazi yake. Jaji alitazama kila kichwa kilichokuwa karibu, na macho yake yakatua juu ya kichaka cha karani.

"Karani, wewe una nywele za kutosha. Kaa."

Karani alikaa kwanza kwenye kiti cha mashahidi, kilichokuwa kirefu kama vya saluni. Kigoda alipewa kitana. Aliinua mkono, kitana kikafika kwenye sikio la karani, kikakomea hapo, kikawa kinaparura hewa. Binti akasogea, akaweka kigoda sakafuni. Karani alishuka akaketi, magoti yakampanda. Na mkono uleule ulioshindwa kuapa ukaanza kuogelea katika kile kichaka, laini, mwepesi, wa uhakika, kama mto uliorudi kwenye njia yake. Karani, kwa raha, akafumba macho.

"Binti," aliuliza jaji, "baba yako alianza lini kutumia kigoda hiki?"

"Nimekikuta, Mheshimiwa. Mimi nilidhani ndivyo watu wote wanavyonyolewa."

Kigoda alisimamisha kitana. Alimtazama binti yake, naye binti akamtazama. Miaka yote alikuwa amemficha jambo hili asije akalibeba, kumbe binti alikuwa amelibeba tangu siku ya kwanza aliposhika mashine.

Ombi la mwisho lilikuwa la Kigoda mwenyewe. Jaji alimrudisha Filimbi kizimbani, wakili wa wafungwa akafungua mdomo, lakini kinyozi akasema taratibu, "Niruhusuni nimuulize mimi. Jambo moja tu, Mheshimiwa. Ndilo lililonileta."

Jaji aliinamisha kichwa kukubali.

"Afande," alisema Kigoda, "leo umenitetea kwa bahati mbaya. Sasa nitetee kwa makusudi. Asubuhi ile ulipopuliza filimbi, mimi niliitika. Mdogo wangu hakuitika. Alikuwa wapi?"

Filimbi alishika ukingo wa kizimba. Akamtazama wakili wa serikali, ambaye alikuwa akitazama karatasi zake. Akamtazama Shangazi, aliyesimama bila kujijua. Kifua chake kilichokuja kimetangulia sasa kilikuwa kimenywea, na nishani ilining'inia kama jani kavu.

"Hakuwa na sauti tena," alisema hatimaye. "Tulimtoa chumba cha nyuma amebebwa. Amri ilitoka juu kwamba asiyeitika aitwe mtoro. Tukasema ametoroka."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Chini, kando ya ukuta. Hayuko peke yake."

Shangazi alipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa msiba. Ulikuwa wa mtu aliyepotelewa na kitu kwa muda mrefu kisha mkono wake ukakigusa gizani. "Hakutoroka! Mama, hakutoroka!" Neno hilo lilipokelewa madirishani, likatoka hadi langoni, likaingia barabarani. Hakutoroka! Wastaafu wa sabuni wakaanza kuimba. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Mikono ikapepea hewani kama msitu wenye upepo, na katikati ya msitu huo kumi na mmoja wakasimama mikono kifuani, wakilia na kucheka kwa pamoja.

Hukumu ilipotoka, mahakama ilijaa tena. Jaji alisema kwamba serikali haiwezi kudai mkono ulitenda na kichwa hakikujua, na kwamba kubadilika kwa viongozi hakufuti deni la dola. Aliamuru serikali ikiri na kuomba radhi hadharani, iwafidie wote na kuwatibu maisha yao yote, ifukue nyuma ya tangi na kuwakabidhi ndugu watu wao. Akaagiza pia kwamba Filimbi na wale waliompa amri wafunguliwe mashtaka, bila kujali vyeo walivyostaafia.

Kitindamimba alirudi nyumbani katika sanduku dogo. Walimlaza ubavuni mwa mama yake. Kigoda alimwaga mchanga kwa kuinama, konzi moja, nyingine, akasema, "Mama, huyu hapa." Tangu siku ile hakuna aliyewaita watoro tena.

Ikabaki siku ya kuomba radhi. Ilifanyika katika uwanja mkubwa, bendi ikapiga, viti vya mbele wakapewa wale kumi na mmoja. Safari hii Shangazi hakuleta koti. Alileta shati jipya la vifungo, na kamba ya nguo ya nyumbani alikuwa ameitazama asubuhi ile bila kuitania. Waziri alisoma hotuba yake vizuri, mpaka kuna mahali sauti ikamkwama, na watu wakaamini kwamba anamaanisha. Alikiri chumba cha nyuma. Alitaja waliokufa. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo mzito, alisema, "Ndugu wananchi, leo jeraha limepona!" Bendi ikaitikia, wapiga picha wakasogea. Waziri akawageukia viti vya mbele, akainua mkono wake juu kabisa, akapaza sauti:

"Haya, wazee wetu! Inueni mikono juu, wananchi wawaone!"

Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta. Wale kumi na mmoja wakatazamana, kisha yule mama aliyekuwa akisukuma mkono kwa mkono akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Kigoda alisimama, akakohoa kidogo, akasema kwa adabu ileile aliyowasemesha wateja wake:

"Mheshimiwa, hiyo mikono ndiyo kesi yenyewe."

Mkono wa waziri ulibaki hewani, peke yake. Halafu ukashuka polepole, ukapita sikio, ukapita bega, ukasimama kifuani. Nyuma yake, binti wa kinyozi aliweka wake kifuani vivyo hivyo. Shangazi naye akaweka wake, na fundi viatu, na karani wa mahakama aliyekuwa amenyolewa vizuri, na wastaafu wa sabuni, hadi uwanja mzima ukasimama mikono ikiwa usawa wa kifua, kama ya Kigoda. Siku hiyo waliokuja kusherehekea kupona walijifunza kwanza kuona: mwenye kovu usidhani kapoa.